Yah: Kufutwa kwa Jikoni Kwetu kwenye Kompyuta Yenu

Anyelwisye Mwakalobo,
Iyunga, Mbeya.

Kwa Mkuu wa Mradi wa Kupima Moto wa Kuni,
Iringa.

Mheshimiwa Dokta Faustina,

Natanguliza heshima, na pole kwa baridi ya huko, ingawa mbele ya baridi yetu hiyo bado ni mtoto. Mimi ni Baba Saulo wa nyumba ya bati jekundu, ambako kijana wako Ezekia alikuwa akija kila asubuhi na mizani ya kuning'iniza, anapima kuni kabla mke wangu hajawasha moto. Kama umenisahau, ni yule niliyeuliza swali kwenye mkutano wa kata mpaka watu wakapiga makofi. Nimesoma hadi kidato cha pili. Kilichobaki nilikimalizia barabarani, nikiwa utingo wa malori ya Tunduma, Kapiri Mposhi mpaka Lubumbashi. Kwa hiyo sayansi hainitishi.

Juzi tumepata ujumbe wenu kwamba vipimo vya jikoni kwetu vimeondolewa kwenye kompyuta kwa sababu haviendani na modeli, na kwamba jiko banifu, lile la kuni chache na moshi kidogo, aliloahidiwa mke wangu Tupokigwe halitakuja. Ezekia alishanieleza kuwa modeli ni hesabu ya kukisia nyumba itachoma kuni kiasi gani, ukiiambia ina watu wangapi. Sasa naona hesabu ikikisia vibaya, anayefutwa ni mwenye kuni. Nimekaa, nimetafakari, na malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kukatwa vipande. Katika modeli yenu mwanamume wa umri wangu ni mtu mmoja kamili. Hapo sina ugomvi na ninyi, mmepima vizuri. Lakini mwanamke ni sehemu nane tu kati ya kumi za mtu, na mtoto ni nusu. Kwa hiyo nyumba yangu ya watu watano, mimi, mke, mama yangu mzazi na watoto wawili, kwenye kompyuta tuko watatu na ushee. Kosa langu ni kwamba niliwasimulia wenyewe. Tupokigwe akauliza, anayepasua kuni na kusonga ugali ni hizo sehemu nane, au ni zile mbili mlizozitupa? Mama naye akasema, "Mwambieni huyo Dokta aje anioneshe ni kipande changu kipi kisichokula." Jioni ile mtu mmoja kamili alipakuliwa ugali sehemu nane kati ya kumi, tena akaulia nje.

2. Kuhusu Ezekia mwenyewe. Kijana ana adabu, hilo nalisema hata mbele ya wazazi wake. Ila alifika amekonda kama fito. Mheshimiwa, sisi hatuwezi kumwacha mgeni apime kuni na tumbo tupu. Siku ya kwanza alikunywa uji tu, akaona haya. Kesho yake kande. Baada ya hapo ndizi na nyama, kisha akachinjwa jogoo ambaye hata mimi nilikuwa namwogopa. Majirani waliposikia kuna mgeni kutoka Iringa mwenye mashine ya kupima moshi, walikuja kumsalimia, nao utawaachaje watazame watu wakila? Jumamosi ilikuja kwaya nzima ya usharika, wakaimba, wakala. Muda wote huo Ezekia alikuwa pembeni anaandika kilo za kuni na huku anatafuna. Halafu mnakaa Iringa mnashangaa kwamba watu watatu na ushee wamechoma kuni za shule ya bweni. Mngemuuliza aliyeshiba.

Na ieleweke kwamba hatukupika ili tuonekane. Hivyo ndivyo tunavyoishi sisi siku zote. Kipimo chenu kimepima ukweli mtupu.

3. Kuhusu kiboksi cha moshi. Mlikitundika kwenye msumari usawa wa pua ya mke wangu. Kabla hata wiki haijaisha kikazima. Ezekia akasema kimezidiwa, na siku hiyohiyo mkakipumzisha, mkaleta kingine. Mimi sikatai, chombo nacho kinachoka. Lakini Tupokigwe amesimama usawa uleule tangu nilipomuoa, na hakuna aliyewahi kuja kumpumzisha. Anapika jicho moja limefumba. Jicho la kulia ni la ugali, la kushoto la mboga. Ukimuuliza anajuaje ugali umeiva, anakwambia anausikia. Kikohozi chake anasingizia baridi. Mimi ni mtu wa masihara, Dokta, lakini hapa naomba unisome polepole: lile jiko halikuwa la kujionesha. Lilikuwa la macho yake.

4. Kuhusu jirani yangu Obeid. Jikoni kwake kumeendana na modeli vizuri mpaka mmempa jiko banifu na mkampiga picha nalo, amelikumbatia kama mtoto wa ubatizo. Je, mnajua kwa nini alichoma kuni chache? Wiki nzima ya vipimo yeye, mkewe Eveline na watoto wao wote walikuwa wanakula kwangu. Obeid mwenyewe aliniambia huku ananyonya mfupa, "Baba Saulo, hawa wapimaji wakae hata mwezi, kuni zangu zimepumzika." Moto wa Obeid ulikuwa unawaka kwangu, Mheshimiwa. Mmefuta moto uliolisha nyumba mbili na kwaya, mkahifadhi jivu lililopoa, mkaliita takwimu.

Tuendelee mbele kidogo na hesabu hii. Watu wa Iyunga si wajinga. Wakishajua kwamba anayekaribisha mgeni anafutwa na anayefunga mlango anapewa jiko, mkija tena mtakuta milango yote ina kufuli na sufuria ziko uvunguni. Mtapata kata nzima inayoendana na modeli kwa sababu haili. Mtachora mchoro mzuri, mtapanda nao ndege, mtawaambia Wazungu kwamba Mbeya imeacha kutumia kuni.

5. Kuhusu mkanda. Kama jikoni kwetu hakupo, basi Ezekia hakula. Kama hakula, naomba maelezo kwa maandishi kwa nini mkanda wake ulihama matundu mawili. Kielelezo anacho mwenyewe kiunoni.

Kwa hayo yote, nadai yafuatayo. Jikoni kwetu kurudishwe kwenye kompyuta. Mgeni aingizwe kwenye modeli kama mtu kamili, na mgeni anayetoka Iringa awe mtu mmoja na nusu. Mke wangu na mama yangu warudishiwe sehemu zao mbili mbili. Kama zimeadimika, kateni kwangu, nimezoea. Na jiko banifu la Tupokigwe liletwe. Mkishindwa yote, basi modeli yenyewe ije ikae kwetu wiki moja. Tutaitandikia.

Wasalimie wapimaji wote, na wazazi wa Ezekia uwaambie tulimtunza. Mama anawasalimu kwa sehemu zake zote kumi.

Ni mimi niliyefutwa lakini bado ninafuka moshi,

Anyelwisye Mwakalobo (Baba Saulo)

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, Eveline ameingia na lile jiko banifu kichwani. Amesema kwa kuwa nyumba yake yote imeshazoea kula hapa, haoni sababu ya jiko kubaki kule peke yake. Tumeliwasha. Tupokigwe amepika na macho yote mawili wazi, akanitazama kwa muda, akasema kumbe nimezeeka hivi. Kwa hiyo dai la jiko lifuteni, na maneno niliyosema juu ya Obeid yapunguzeni. Ila Ezekia lazima aje apime upya. Tunaomba tu atuarifu siku mbili kabla, kwa sababu siku za kawaida hapa tunapasha maharage ya jana.