Ekseli ya Milembe

Siku ya mnada mjini Bariadi, fundi magari Bundala aliiona Landkruza imeegeshwa, imenyanyuliwa juu kwa springi ndefu kana kwamba inaogopa kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Tairi la mbele la kushoto limetokeza nje vidole viwili. La kulia limejificha ndani. Moyo wake ukajaa huruma. Siku zote alihurumia mali za watu.

Isitoshe, mkewe Joyness alikuwa amerudi kwao, sasa ni mwezi wa tatu. Baba mkwe alishasema: hatoki hapa mpaka ng'ombe wa mwisho wa mahari aingie zizini.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma mwenye gari, mama aitwaye Milembe, mkulima wa pamba wa Nkoma. "Pole na msiba."

"Msiba gani tena, baba?"

"Chesisi imepinda. Mteremko wa kwanza tu, gari linakwenda huku, wewe unakwenda kule."

"Yesu wangu! Na nimepakia mbegu!"

Chesisi ilikuwa nzima kabisa. Gari likiinuliwa, fimbo inayoshikilia ekseli huivuta upande mmoja. Unaizungusha irefuke kidogo, basi. Kazi ya nusu saa. Lakini mtaalamu wa hadhi ya Bundala halipwi kwa nusu saa.

"Dume mmoja tu wa ng'ombe, mayu. Nakuonea huruma."

"Huna hata tamaa, fundi! Mchukue yule mweupe."

Bundala akaning'iniza uzi kwenye bodi, akapima, akazungusha fimbo, akapima tena mpaka matairi yakalingana. Kisha akaigonga chesisi nyundo kumi, za heshima tu. Milembe akaondoka akimpungia mkono.

Bundala akamfunga dume wake mtini, akaenda kula ugali wa ushindi. Aliporudi, alikuta kamba imekatika, dume hayupo.

"Dume mweupe wa Nkoma?" Masunga, muuza kamba, alicheka mpaka akakaa chini. "Kaenda kwao. Kamba zangu hazimwezi. Ameshalipia springi, shokapu na matairi yote manne."

"Na hao waliolipwa, hawaendi kumdai Milembe?"

"Wanakwenda. Mama anawapa uji, anawakabidhi dume upya. Wakifika njiani, anawatoroka tena."

"Na fundi aliyeinua gari?"

"Alikuwa ndiyo anataka kuweka ekseli sawa, akamwona dume wake anapita barabarani peke yake. Akatupa spana, akamfuata. Hatujamwona tena."

Bundala akatazama barabara ya Nkoma. Mbali kule, nundu nyeupe ilikuwa inatembea bila haraka yoyote.

Akavua viatu, akaanza kukimbia.