Mwimbaji wa Tela la Mbele

Jumamosi, 3 Februari
Dansini asubuhi. Rock ya Kifaransa kuanzia saa tatu, kahawa bado mdomoni! Ngoma, gitaa la umeme, kodiani inalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nimecheza hadi soli ya buti imeachia. Sielewi neno hata moja. Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kusema Kifaransa, akaapa wajukuu wake hawatachapwa, ndiyo maana mimi najua "wi" tu, yaani ndiyo. Lakini mwili unaelewa. Magoti yangu yanajua Kifaransa fasaha.

Anayeimba ni binamu yangu Ovide. Anasoma Kifaransa darasani kila Jumatatu, basi pua juu. Ametangaza kwamba atakayeleta wimbo ambao hakuna aliyewahi kuupiga, ndiye atakayeimba kwenye tela la mbele siku ya Mardi Gras, sherehe ya mwisho kabla ya Kwaresima, tukizunguka na vinyago nyumba kwa nyumba kuomba kuku wa gumbo, mchuzi wetu mzito. Kisha akanitazama, akaongeza kwamba kelele za karakana ya matairi ninakofanya kazi hazihesabiki. Watu wakaangua kicheko. Miaka yote nimekaa tela la nyuma, nimekumbatia ndoo ya vitunguu. Mwaka huu la mbele ni langu, atake asitake!

Jumatatu, 5 Februari
Nimepata! Nilikwenda kutazama mitego yangu ya kamba wa maji baridi, kwenye shamba la mpunga lililojaa maji. Jua la mchana, lakini ukungu haukuondoka. Kwenye tuta kasimama mtu mwenye kofia ndefu iliyochongoka na kinyago cha waya. Mardi Gras bado, huyu keshavaa. Ana hamu kweli!

Alikuwa anaimba. Jamani! Hana gitaa wala ngoma, lakini mdundo niliusikia miguuni, unatoka chini ya maji. Kamba wote mitegoni walitulia, wameelekea upande wake. Nikacheza peke yangu kwenye matope.

Nikamwomba anifundishe. Akaniuliza jambo kwa Kifaransa. Sikutaka kuonekana mshamba, nikajibu wi. Akauliza jingine. Wi. Akaridhika sana, nadhani, maana kinyago hakikusogea. Nilirekodi kwenye simu, nyumbani nasikia upepo tu na mtu anayepumua. Simu mbovu. Haidhuru, wimbo wote umeingia kichwani mara moja. Mimi ambaye hata namba yangu ya simu huikosea! Hiki ni kipaji.

Jumatano, 7 Februari
Mazoezi kwenye ghala la Ovide. Nikaimba. Taa zikafifia. Mpiga ngoma wetu, Clebert, anasema hakupiga yeye, mikono ilienda yenyewe. Mbwa wa Ovide aliingia chini ya trekta na hajatoka hadi sasa.

Ovide alibadilika rangi. Akataka kujua maneno haya nimeyatoa wapi, maana anaelewa nusu yake, na hiyo nusu haipendi kabisa. Wivu huo! Nikamwambia kuna watu husoma kimyakimya. Bendi ikaamua papo hapo: tela la mbele, Alcide Guidroz! Ovide aliondoka bila kuaga.

Ijumaa, 9 Februari
Shangazi Azelie kaniita. Ana miaka zaidi ya tisini, Kifaransa amekinyonya pamoja na maziwa. Ovide alishampelekea umbea. Niliimba mstari mmoja tu, akaniziba mdomo kwa taulo la jikoni na kufunga madirisha.

Akasema: "We mtoto, wimbo wa kuomba kuku naujua tangu sijaota meno. Huu hauombi kuku! Huu unaomba atolewe yeye anayeuimba. Na wenye wimbo huu wakija kwako wakauliza, funga mdomo huo, usijibu hata neno!"

Nikamuuliza Shangazi, Ovide kamhonga soseji ngapi. Akanitukana kwa Kifaransa, matusi matamu, nikatikisa kichwa kufuata mdundo. Ndipo akalia. Kizee kama huyu kulia kwa sababu ya tela! Nilijisikia vibaya, nikarudi nikambusu. Alishtuka, akasema midomo yangu ni ya baridi.

Jumanne, 13 Februari. Mardi Gras!
Ushindi! Wa ajabu kidogo, lakini ushindi. Nyumba ya kwanza, kapteni wetu, kiongozi wa msafara, aliomba ruhusa, tukashuka, nikaimba. Wenye nyumba walicheza kama wamepandwa na kitu, bibi mmoja akatupa mkongojo wake. Lakini kuku hawakutoa. Walisimama wote kwa pamoja, wanatabasamu, wakanyoosha vidole kwangu. Mashabiki! Kwingine vivyo hivyo. Kuku wenyewe walikaa juu ya paa, kimya. Kwa wazee wanaojua Kifaransa tulifungiwa milango kabla sijamaliza mstari wa pili. Hao nao wivu.

Clebert alininong'oneza kwamba tumezidi idadi. Anajua kofia ya kila mtu, isipokuwa zile za nyuma, zinazodondosha maji. Sikugeuka. Mwimbaji mkuu hageuki.

Gumbo lilikuwa vitunguu na maji. Ovide alinishika mabega, akanisihi nilale kwake leo, akaniita kaka, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa watoto. Nusura nimwonee huruma. Nikakataa. Anautaka wimbo wangu, hana lingine.

Jumatano, 14 Februari. Majivu
Wamekuja! Asubuhi, hata kanisani sijaenda. Tela linavutwa na nyumbu, limejaa kofia ndefu, na kapteni wao ni yule rafiki yangu wa shambani. Sherehe iliisha jana, wao ndio kwanza wanaanza. Hiyo ndiyo bendi! Akasimama mlangoni, akauliza kwa adabu. Nikae kimya kama bubu? Nilijibu kwa sauti, tena mara mbili.

Naandika nikiwa humu humu, nafasi ya mbele kabisa. Wanapiga rock ambayo sijawahi kuisikia duniani, magoti hayatulii. Sielewi neno, raha tupu! Tunaelekea katikati ya shamba, maji yameshafika kwenye ekseli. Ovide anakimbia juu ya tuta, majivu kwenye paji la uso, analiita jina langu huku analia. Nyuma yake Shangazi kapiga magoti barabarani. Jamani, watu hawataki kuniona nikipanda! Nimewapungia mkono.

Hawa wenzangu wananijali sana. Mmoja amenibonyeza paja, akamwambia mwenzake jambo, wakacheka. Wana sufuria kubwa ajabu. Sasa wamenifunga miguu pamoja, bila shaka nisianguke tela likiyumba. Ovide, na Kifaransa chake chote, hajawahi kufungwa miguu na bendi yoyote.