Mti Nambari 417 Umekataa Kufuata Ripoti

Gachau, Katibu,
Kikundi cha Mazingira cha Theta Chini,
kupitia duka la dawa za mifugo, Theta.

2 Juni 2025

Kwa Madam Carolyne,
Afisa wa Ufuatiliaji na Tathmini,
Mradi wa Kurudisha Miti ya Kienyeji,
Thika.

Madam,

MINT: MALALAMIKO RASMI DHIDI YA MTI NAMBARI 417, NA OMBI LA KIBALI CHA KUUNG'OA KABLA YA TAREHE 14

Natumai barua hii itakukuta ukiwa mzima na kwamba ile homa iliyokusumbua siku ya semina ilikwisha. Sisi huku Theta hatujambo, isipokuwa kwa jambo moja, na jambo lenyewe lina urefu wa mita mbili na kitu.

Kabla sijalitaja, nikukumbushe anayekuandikia ni nani. Nilikuwa karani wa kupima kahawa katika shamba moja kule Ruiru kwa miaka thelathini na mmoja. Nimepima madebe ya watu wapole na madebe ya watu waliotaka kunipiga, na sikuwahi kuandika debe ambalo sikuliona kwa macho yangu. Kikundi kiliponichagua kuwa katibu nilijua wametaka mwandiko wangu, maana sura hawangeitaka. Kwa hivyo ukiona nalalamika, ujue si kawaida yangu.

Mambo yalianza hivi. Mwezi wa Aprili 2023 tulipanda miche elfu moja kando ya kijito chetu, tukaipa kila mmoja nambari yake kwenye kibati. Sehemu A na B ziko juu, karibu na barabara. Sehemu C, yenye miche mia sita, iko kule chini kwenye udongo mweusi. Lengo lilikuwa kwamba baada ya mwaka mmoja na nusu, miche sabini katika kila mia iwe hai.

Novemba iliyopita ukaja kuhesabu. Sehemu A na B tulizipita kwa miguu, vizuri kabisa. Tulipogeuka kwenda C, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na gari la mradi likazama hadi milango kabla hatujafika kanisani. Tulipolitoa, sote tukiwa tope mpaka masikioni, mkaona heri tukajazie fomu kule Kamakis kwenye nyama choma, mahali pakavu. Nakumbuka meza ilikuwa ya pembeni. Ukauliza C iko vipi. Mwenyekiti wetu, Bwana Macharia, ambaye wakati huo alikuwa amesimama mbele ya buchari akichagua mbavu, akajibu bila kugeuka kwamba kule chini hakuna kitu, mbuzi walimaliza. Ukaandika sifuri. Ukanisukumia fomu, nikatia sahihi. Nyama ikaja.

Sasa, Madam, ile sifuri imetutendea mema ambayo hakuna namba nyingine iliyowahi kututendea. Wafadhili waliipenda. Walisema eneo tupu kabisa ndilo zuri la kuanzia, kwa maana hapo kila jani litakaloonekana litajulikana ni la mradi. Wakakubali awamu ya pili, miche mia sita mipya, na kina mama kumi na wawili wa kikundi wameshaanza kujaza udongo kwenye mifuko. Tarehe 14 wageni wanakuja kuona huo utupu wenyewe.

Shida ni kwamba si tupu. Katikati ya Sehemu C, peke yake, umesimama mti wa muringa wenye kibati nambari 417. Malalamiko yangu juu yake ni haya:

1. Kwamba mti huu ni mkaidi. Ripoti inayosema umekufa ina muhuri wa mradi na sahihi tatu, mojawapo ikiwa yangu. Nakala imebandikwa kwenye ukuta wa duka la dawa za mifugo, hatua mia mbili kutoka hapo ulipo. Hata hivyo, tangu Novemba haujaonyesha dalili yoyote ya kuitii. Januari ulikuwa mita 1.71. Machi ulikuwa 1.90. Jumamosi juzi ulikuwa 2.14, na hapo sijahesabu yale majani mawili mapya ya juu kabisa ambayo bado yamejikunja. Vipimo hivi huvichukua mimi mwenyewe kila Jumamosi kwa tepu ya fundi, kwa ajili ya ushahidi tu.

2. Kwamba hata tukiuhurumia, fomu haina nafasi yake. Nilikaa na kalamu nikapiga hesabu. Mti mmoja kati ya mia sita ni asilimia sifuri nukta moja saba. Fomu yako hupokea namba kamili tu, na ukikamilisha hiyo unapata sifuri. Maana yake ni kwamba, kwa hesabu ya mradi, mti huu ni sifuri ukiwa hai na ni sifuri ukiwa umekufa. Mtu mwenye busara angeona basi hakuna haja ya kuhangaika kuishi. Wenyewe unahangaika.

3. Kwamba umetuaibisha kitaalamu. Ile miche mingine 599 ilipata kila kitu pamoja nao: mbolea, bango, semina ya siku mbili, wanachama wenye tisheti za kijani. Ikafa kwa utaratibu. Mpango wa kazi ulisema maji yatatiliwa hadi Juni 2023, na baada ya hapo hakuna mstari wa maji popote. Huu umeishi karibu miaka miwili nje ya mpango wa kazi. Mgeni mmoja akiuliza tarehe 14 ni mbinu gani iliyouokoa, tutasema nini? Tutasema hatujui, na sisi ndio tuliofundishwa?

Nikiwa hapo hapo, niripoti kwamba chini ya mti kumepatikana beseni la bluu lenye ufa ukingoni, na kwamba shina limezungushiwa ua wa mbao pana, zilizopigwa randa vizuri, za kuzuia mbuzi. Mwenye beseni na mbao hajajulikana. Kama katibu nimeanzisha uchunguzi, na uchunguzi unaendelea.

4. Kwamba umeanza kuwa na watu wake. Ndege mmoja mdogo wa kijivu amejenga kwenye tawi la pili bila kusajiliwa na kikundi. Halafu kuna jirani yangu Nakhumicha, mama wa kutoka Bungoma anayepeleka mboga kwenye zile fleti mpya. Akipanda kutoka kijitoni hutua kikapu chake hapo na kupumzika, ingawa kivuli chenyewe kinatosha mtu mmoja na nusu. Nilimweleza kwa heshima kwamba kivuli hakimo katika malengo yetu na kwamba nimekusudia kuuondoa mti ili kulinda usahihi wa takwimu. Madam, huyu mama ni mpole, tunaabudu kanisa moja. Alisimama, akajitwika kikapu, akaniambia: "Ung'oe, Mzee Gachau. Ung'oe, na mimi nitawaambia wageni ni nani anakuja kuutilia maji." Sikuelewa alikuwa akisema nini.

5. Kwamba tumejaribu njia ya amani ikashindikana. Ripoti inasema Sehemu A ina miti hai 212. Mwezi wa Februari lori la mawe liligeuza vibaya likavunja mmoja, imebaki 211. Nikaona nafasi hapo. Tukiuhamisha 417 kutoka C hadi A, tutakuwa tumerekebisha makosa mawili kwa mti mmoja, na ripoti nzima itakuwa kweli tena kuanzia jalada hadi jalada. Nilifurahi siku hiyo, sikufichi. Nilimwita Kyalo, fundi wetu wa kuchimba mashimo, aje aangalie mizizi. Alichimba kidogo kwa mkono, akatikisa kichwa, akasema mti wa umri huu ukihamishwa sasa mvua ikiwa imepungua utakauka wiki hiyo hiyo. Basi C itakuwa sahihi, lakini A itarudi kuwa na kosa, na nitakuwa nimebeba kosa kutoka bondeni hadi barabarani kwa mkokoteni.

Nilimuuliza Kyalo kama hana njia nyingine. Akasema iko njia moja rahisi, ambayo ni kuandika barua. Ndiyo hii.

6. Kwamba mti huu unatunyima ushindi wetu wa kwanza. Hili ndilo kubwa, naomba ulisome pole pole. Ulitufundisha kwenye semina kwamba lengo zuri lazima liweze kupimwa, liweze kufikiwa, na liwe na tarehe. Tangu tuanze tumejiwekea malengo kumi na moja na hatujafikia hata moja. Sasa tazama hili: "Kuondoa mti mmoja Sehemu C kabla ya tarehe 14 Juni." Linapimika, maana ni mmoja. Linafikika, maana jembe ninalo. Tarehe linayo. Tukilifanya tutaandika lengo moja, tokeo moja, asilimia mia moja. Hakuna kikundi kando ya kijito hiki chenye asilimia mia moja ya kitu chochote. Najua wapo watakaouliza kwa nini mradi wa kupanda miti ufurahie kung'oa mti. Hao hawakuhudhuria semina.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako inipe kibali cha maandishi, chenye muhuri, kabla ya Ijumaa ya wiki hii. Naomba pia unieleze mti ulioripotiwa kufa ukiuawa unaandikwa safu gani, kwa sababu nikiuandika kwenye "iliyokufa" tutakuwa na miti mia sita na mmoja iliyokufa kati ya mia sita iliyopandwa, na hiyo hata mimi siwezi kuitetea. Mwisho, naomba mtu mwingine ndiye ashike jembe. Mimi nina mgongo.

Nasimama kwenye ukweli wa takwimu, kama nilivyosimama kwenye mizani miaka yote ile. Wasalimie wenzako wote ofisini, na dereva, ambaye natumai alipata kiatu chake cha kushoto, na yule askari wa getini anayeniita Baba Katibu. Bwana Macharia anakusalimu na kuuliza kama wageni watakula. Kina mama wa kikundi wanakusalimu mmoja mmoja, lakini karatasi haitatosha majina.

Mimi wako katika kazi ya mazingira,

Gachau
Katibu

Baada ya sahihi: Madam, bahasha nilikuwa nimeshaifunga. Nimeifungua kwa kisu.

Nilienda kupima mara ya mwisho ili nikuandikie urefu kamili, na yale majani mawili ya juu yamefunguka. Nimeketi hapo chini kwenye beseni, nimeligeuza, na ndipo ninapoandikia maneno haya. Uchunguzi umekamilika. Beseni ni langu. Kusema kweli ni la mke wangu, Wangeci, alikuwa akioshea viazi vitamu ndani yake. Mbao ni za kitanda chetu, kile kikubwa, ambacho sikuwa na haja nacho tena.

Wangeci alikuwa mwanachama nambari tisa. Siku ile ya kupanda alikuwa tayari anashika ubavu, na nilimwambia abaki nyumbani, lakini yeye hakuwa mtu wa kuambiwa. Alipanda mche mmoja tu, huu. Mimi nilikuwa nimesimama na daftari. Alipomaliza kushindilia udongo akaniangalia, akasema: "Huu uuandike vizuri." Nikaandika 417. Agosti tukamzika.

Kule Kamakis nilikuwa najua. Asubuhi ile kabla gari lenu halijazama nilikuwa nimeshuka C kuuegemeza kwa kijiti, kwa sababu mvua ilikuwa imeulaza. Uliponisukumia fomu nilitaka kusema. Lakini Macharia alikuwa ameshasema, na watu walikuwa na njaa, na niliona haya kueleza mbele ya meza nzima kwamba mzee wa miaka sitini na tisa huteremka bondeni kila asubuhi na beseni la maji, na kwamba akifika hukaa na kuusimulia mti habari za nyumbani. Nikatia sahihi. Miaka thelathini na mmoja sikuandika debe nisiloliona, na siku hiyo nikaacha kuandika mti niliouona.

Malalamiko yote sita nayaondoa. Sifuri yetu ikiharibika na awamu ya pili ikaenda nayo, kina mama nitawaambia mimi mwenyewe, na wakinivua ukatibu watakuwa na haki. Jembe nimempa Kyalo akae nalo. Wageni waje tarehe 14, nitawasimamisha hapa nilipoketi, kivuli kitatosha mmoja na nusu kwa zamu.

Wewe nakuomba kitu kimoja. Kwenye Sehemu C futa sifuri, uweke moja. Na tafadhali, Madam, huo uuandike vizuri.