Sharti Halikusema Aitwe

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la kliniki yako ya macho, pembeni ya mke wangu. Daktari alituonya kwamba jicho lake la kulia lisipotibiwa leo, litapofuka. Hata hivyo, ninaowalalamikia ni wagonjwa wenzetu. Wanaitukana programu mpya ya kuita watu kwa zamu, eti kwa sababu tangu asubuhi haijamwita mtu yeyote.

Nilikuwa mwalimu wa sarufi, kwa hiyo niruhusu nieleze polepole. Hospitali iliandika sharti: “Mgonjwa asiitwe kabla ya aliyemtangulia kuhudumiwa.” Mpwa wangu, fundi wa programu hiyo, akathibitisha kwa hisabati, mstari kwa mstari, kwamba sharti hilo halitavunjwa kamwe. Nilipompigia simu alinijibu, “Mjomba, sharti limesema nani asiitwe. Nani aitwe, halikusema.” Kisarufi, kijana yuko sahihi. Asiyeita mtu hawezi kukosea zamu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuguzi alichungulia mlangoni akauliza, “Jamani, nani wa kwanza?” Bahati nzuri msimamizi alimkumbusha kwamba kuita ni kazi ya programu. Akumbushwe tena. Mdomo wake haujathibitishwa na mtu.

2. Mzee aliyekuwa mbele yetu amechoka, akajiendea nyumbani. Kwa kuwa hatahudumiwa, sisi wa nyuma yake hatuwezi kuitwa kihalali maisha yetu yote. Kwenda nyumbani kupigwe marufuku. Kupona ukiwa kwenye foleni, vilevile. Kufariki nako, nasema kwa heshima zote, ni utovu wa nidhamu.

3. Wapo wanaotaka sharti liandikwe upya. Tukibadili masharti kila watu wanapoumwa, uthibitisho utabaki na kazi gani? Ni nafuu kubadili wagonjwa. Waletwe wasio na haraka.

Wasalimie madaktari, ambao leo nawaona wamepumzika vizuri, wauguzi, walinzi, na wote wa nyumbani kwako.

Wako mtiifu, nikiwa bado kwenye foleni,
Mwalimu mstaafu

Tanbihi: Mama mmoja wa mbele yetu ameliona jicho la mke wangu, akamwambia, “Dada, pita wewe, mimi nitasubiri.” Wa mbele yake naye akasogea, kisha mwingine, mpaka mlangoni. Nimemshika mkono mke wangu, tumewapita wote. Daktari ameshaanza kumtibu. Tafadhali ichane barua hii, na ukiweza, shuka mwenyewe uje uite watu.