Mkusanyaji Hodari na Sarafu ya Amana

Jumatatu, 3 Machi

Mama ametia chumvi kwenye chai tena. Hakuiona mikebe. Mtoto wa jicho kamjaa macho yote mawili, na hospitali imempa nafasi ya upasuaji Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Malipo kabla ya kisu.

Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Nilishasimama mbele ya ukoo mzima nikatangaza kwamba gharama zote ziko juu yangu. Nilipigiwa makofi! Shemeji, mume wa dada yangu, alikohoa. Mke wangu hakusema neno, na katika nyumba hii hilo ni baya kuliko kikohozi.

Nimeshaweka akiba ya nusu. Nusu nyingine siioni ikitoka kwenye mshahara wa mtunza stoo ya vifaa vya ujenzi, hata nikila misumari.

Leo wateja walikuwa wachache. Nimekaa juu ya mifuko ya saruji nikasoma mtandaoni malalamiko ya wauzaji wa sarafu za kale. Nimeshtuka! Kumbe wapo wanunuzi wasio na haya. Mtu ananunua sarafu adimu. Inamfikia salama. Anaificha, anadai ametumiwa takataka, anarudisha takataka aliyoiokota mwenyewe. Soko linamwamini. Anarejeshewa fedha zake, na sarafu halisi inabaki mfukoni. Muuzaji analia peke yake. Unyama mtupu!

Nimesoma tena polepole, nisije nikakosea hatua.

Jumatano, 5 Machi

Nimejiandikisha sokoni kwa jina la Mkusanyaji Hodari, maana huko hakuna anayeonyesha jina lake halisi wala anakoishi. Lina uzito wake.

Nimempata muuzaji anayejiita Amana. Ana sarafu ya madini ya fedha, ina kichwa cha mfalme fulani mwenye shingo nene. Bei yake karibu sawa na akiba yangu yote. Sikutishika. Akiba inakwenda matembezi tu, itarudi. Sarafu nitamuuzia sonara wa barabara ya nyuma, anayenunua vitu vya kale, na hapo nusu ya pili imepatikana. Mama ataona, na shemeji atakohoa mpaka achoke.

Nilijaribu kumshusha bei. Amana alikataa kwa adabu. Kaandika kwamba sarafu ni ya marehemu baba yake, na asingeiuza kama si mgonjwa aliye nyumbani. Nimeshtuka! Watu wanavyojua kuwatumia wagonjwa ili wapate fedha! Nilimlipa, lakini heshima yangu kwake ilishuka.

Mke wangu alikuwa na furaha jioni. Alimpikia mama uji mzito akaimba. Nilimuuliza kuna nini. Akasema biashara yake ndogo ya kwenye simu imeanza kwenda. Sikuuliza zaidi. Mwanamume hachunguzi biashara za vitenge.

Ijumaa, 7 Machi

Kifurushi kimefika! Upesi ajabu, kama kimetoka mtaa wa pili. Nilikichukua ofisi ya vifurushi nikakifungulia stoo, nyuma ya mabati.

Amana ni mtu wa mpangilio, lazima nikiri. Karatasi, kisha pamba, kisha kitambaa, vyote vikinukia sabuni ileile tunayofulia kwetu. Ndani kabisa, sarafu.

Nimeshtuka. Nyeusi! Imefubaa kama sufuria ya shule. Huyu mtu anauza mali ya marehemu baba yake bila hata kuifuta! Uchafu gani huu? Nani angempa mtu bei nzuri kwa kitu kilichoshindwa kung'aa?

Nimeisugua kwa ndimu na jivu. Weusi ukatoka kiasi. Nimeongeza dawa ya meno. Nikamalizia kwa msasa laini, ule tunaowauzia mafundi wa milango. Sasa inametameta, na mfalme shingo imempungua kidogo, kapendeza. Kazi ya mikono yangu! Siku nzima nimetembea nikinukia ndimu. Mama aliponisogelea aliuliza kama leo kuna samaki.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi ya leo ilikuwa kupata takataka ya kurudisha. Sarafu ya sasa isingefaa, hata mtoto angecheka. Ilitakiwa kuukuu.

Nikakumbuka mapazia. Mama, enzi za macho yake, alishona sarafu kuukuu kwenye upindo wa mapazia ya sebuleni ili upepo usiyapeperushe. Mke wangu alipokwenda sokoni nimefumua upindo wa pazia la dirisha kubwa nikatoa moja. Imechakaa, haina thamani hata ya kununulia kiberiti. Safi sana. Mama alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, hakuona kitu. Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Nimemwandikia Amana malalamiko. Nilianza na "Kwa masikitiko makubwa." Nilieleza nilivyofungua kifurushi kwa shauku nikakuta sarafu ya ovyo, nisiyoweza hata kuwaonyesha wanangu. Sina watoto, lakini uchungu ulikuwa wa kweli. Karibu nilie.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu mezani: "Ndugu, mimi najua nilichokiweka, na wewe unajua ulichokitoa."

Nimeshtuka mpaka nikakaa. Hivi ndivyo mtu anavyomjibu mteja? Ulimi huu nimewahi kuusikia kwa mtu mmoja tu duniani, na huyo nimemuoa.

Jumatatu, 10 Machi

Nyumbani hapakaliki. Sufuria zinapigwa chini. Pazia la dirisha kubwa linapepea mpaka darini na wapita njia wananiona nikila. Mke wangu alilitazama, akasema ajabu, zamani lilikuwa halipepei. Nilisema upepo wa siku hizi una kiburi.

Baada ya chakula akaanza kulia. Nilishtuka, mke wangu si mtu wa kulia. Akasema kuna mtu kwenye biashara yake ya simu anataka kumdhulumu mchana kweupe, na hana pa kusemea kwa sababu wenye soko humsikiliza mnunuzi.

Damu ilinichemka. Mke wangu! Kwa jasho lake! Nilisimama nikamlaani huyo mtu vizuri, kwa sauti. Nilisema mikono yake itetemeke, chakula kimpalie. Mama akaitikia amina kutoka chumbani kwake. Nilipokaa tena, tonge likanipalia, nikapigwa mgongoni mpaka machozi.

Alhamisi, 13 Machi

Ushindi! Wenye soko wameamua. Nirudishe sarafu mbovu, na Amana akithibitisha kuipokea, fedha zangu zitarejea. Nimeipeleka ofisi ya vifurushi nikiwa nimeifunga kwenye pamba yake mwenyewe. Mimi si mchoyo.

Jumamosi, 15 Machi

Nimetoka kwa sonara. Mkono bado hauna nguvu ya kuandika.

Nilimwekea sarafu juu ya kitambaa chake cheusi, ikang'aa duka zima. Alivaa lenzi yake jichoni. Akainama. Akaivua lenzi. Akakaa chini bila kutafuta kiti kiko wapi, bahati kilikuwepo. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Nikasema mimi, kwa mikono yangu, na nikamwambia siri ya msasa.

Akasema, "Umeichuna ngozi."

Eti ule weusi ndio uliokuwa mali! Eti wakusanyaji wa kweli wanataka umri wa sarafu uonekane, na hawaigusi hata kwa leso. Eti sasa itauzwa kwa uzito wa madini yake tu, na madini yake hayatoshi kununua hata mkanda wa saa. Nimeshtuka. Dunia gani hii, uchafu una bei kuliko usafi?

Akaendelea kunitazama. Akasema sarafu hii anaijua, anaikumbuka kwa alama kwenye ukingo. Mwezi uliopita mwanamke mmoja aliileta apimiwe thamani, amemshika mkono mama mkwe wake asiyeona vizuri, na yeye sonara akawaonya wasiifute hata kidogo.

Nilimhurumia huyo mwanamke. Wazee wenye macho mabovu wamekuwa wengi sana siku hizi.

Jumanne, 18 Machi

Niandike haraka kabla sijaamua kutoandika.

Jioni mke wangu alirudi na kifurushi. Akakiweka mezani, akamwita mama, akaniita na mimi. Alisema yule dhalimu wake amerudisha mzigo, na yeye anaufungua mbele ya mashahidi. Nikasema vizuri sana, nikavuta kiti. Nilitaka kuiona sura ya unyama.

Karatasi. Pamba. Nikaanza kusikia joto.

Sarafu ikaanguka mezani, na uzi wa bluu umening'inia kwenye ukingo wake. Uzi wa bluu! Nilisahau kuung'oa! Mke wangu aliutazama uzi. Akatazama pazia, nalo likapepea. Akachukua simu yake, akabonyeza palipoandikwa kwamba amepokea.

Simu yangu ikalia mfukoni. Fedha zimerejea.

Mama alinyoosha mkono, akaipapasa sarafu, akaigeuza, akaupapasa na uzi. "Hii ni ya pazia langu," akasema. "Niliishona mwenyewe."

Mke wangu akainuka taratibu. "Mkusanyaji Hodari," akaniambia, "chakula kiko jikoni. Jipakulie."

Nimeshtuka kwa namna ambayo sijawahi kushtuka. Yaani mke wangu ndiye Amana? Anauza vitu mtandaoni bila kunieleza? Ndoa bila uwazi ni ndoa gani? Nilikuwa nayasema haya kwa hasira, jikoni, peke yangu, kwa sauti ya chini.

Jumatano, 19 Machi

Kikao. Dada yangu, shemeji, mama, mke wangu. Mimi nilipewa kile kiti kibovu.

Mambo yote yalitoka. Mke wangu alijua tangu mwanzo kwamba nusu ya pili sitaipata. Alikuwa na sarafu moja tu, aliyoachiwa na baba yake. Aliamua kuiuza kimyakimya ili mama aende hospitali, na mimi nibaki na makofi yangu. Mama alijua. Alikataa, akabembelezwa, akakubali.

Kwa hiyo akiba yangu ilitoka chumbani ikaenda chumbani ikarudi chumbani. Kilichopungua ni sarafu. Sasa upasuaji una nusu ileile ya zamani, na siku zinakwisha.

Niliitoa mfukoni nikaiweka mezani. Ikang'aa. Mke wangu aliichukua, akaiweka kiganjani, akaitazama muda mrefu. Akasema baba yake alikuwa akimruhusu kuishika Ijumaa baada ya kunawa, na hata yeye mwenyewe hakuwahi kuifuta. Hakunigombeza. Niliona aibu. Nilitamani anigombeze, anipige na mwiko kabisa, yaishe.

Shemeji hakukohoa. Hilo ndilo lililonimaliza. Alisema nusu iliyobaki ataitoa yeye, ni mama yake pia, na tusirudie kulisema jambo hili mbele ya watu. Akainuka akaniazima koti, maana niliona baridi ghafla.

Nimewaandikia wenye soko ukweli wote. Wamelifunga jina la Mkusanyaji Hodari milele. Fedha nimezikabidhi kwa mke wangu, naye kazipeleka hospitali mwenyewe. Sikuulizwa kama nataka kusindikiza.

Jumamosi, 29 Machi

Mama amefunguliwa bandeji ya jicho la kwanza! La pili litafuata. Tulisimama wote kuzunguka kitanda. Alipepesa, machozi yakamtoka, akauliza huyu daktari mbona mtoto. Kisha akamwona mke wangu. Akamshika uso kwa mikono miwili, akaupapasa kama alivyozoea, akacheka, akalia. Mke wangu naye akalia. Hata mimi nililia, na yangu hayakuwa ya malalamiko.

Kisha akageukia kwangu. Alinitazama kuanzia nywele mpaka viatu. "Kumbe umezeeka, mwanangu," akasema, "na bado hujakua."

Shemeji akakohoa. Karibu nimkumbatie, mambo yamerudi kawaida.

Nimerudi nyumbani na maneno ya mama kifuani, nikiwa mtu mwingine. Sitagusa sarafu tena maishani. Naapa. Nimejifunza, na funzo lenyewe naliandika hapa lisipotee: maovu haya humrudia mtu kwa sababu hakuchunguza kwanza anamnunua nani.

Daktari amesema mama atahitaji miwani ya kusomea. Nimeitazama mtandaoni. Kuna muuzaji mwenye fremu nzuri sana, na masharti yake yanasema kioo kikifika kimepasuka, mnunuzi anarejeshewa fedha zote, na miwani anabaki nayo. Stoo kuna gundi ya vioo isiyoacha alama.

Safari hii nimekuwa mwangalifu. Nimemuuliza mke wangu kwanza, kwa kuzunguka, kama anauza miwani. Amesema hauzi. Nimemuuliza na mama.