Sinia la Mlangoni kwa Mwikali

Jumatatu, 10 Juni 1996
Daftari, salamu nyingi. Hapa nyumbani baba watoto, Kingi, hajambo. Mwanangu Mbodze hajambo. Mama yake Kingi hajambo ila magoti. Paka hajambo. Mimi ndiye sina raha. Nyumba yanuka petroli! Kituo cha mafuta cha pembeni kilifungwa zamani, harufu ndiyo kwanza yaja. Na Ijumaa waja kumposa Mbodze. Nimefukiza udi vyumba vyote. Sasa yanuka petroli ya arusi.

Jumanne, 11 Juni
Amekuja fundi wa kupima, Jared. Ana kimashine kinacholia kikipita juu ya chuma kilichofukiwa. Asema petroli ilivuja ardhini, na mvuke wake hufuata mabomba ya kale hadi ndani ya nyumba za watu. Kesho apima mtaa mzima. Alipoona chetezo changu cha udi, akauzima mkaa mwenyewe. Akaniuliza, mama, wataka kuturusha hadi Kibarani? Jirani yangu Mwikali akacheka. Akaniambia, bomba likionekana kwako, harufu ni yako. Neno hilo likiwafikia wakwe, posa hakuna.

Lakini akili ninazo. Mwikali alipokwenda Biashara Street kununua leso, nikafukia sinia mlangoni kwake. Kimashine na kilie huko.

Jumatano, 12 Juni
Kimelia! Nusura nipige vigelegele. Jared na vibarua wake wakachimba. Likatoka sinia, limeandikwa kwa rangi nyekundu MAMA MBODZE, kama vyombo vyangu vyote, visije vikapotea arusini. Mwikali akauliza, mwenzangu, sinia lako limekuja kwa miguu? Nikasema labda panya.

Chini yake pana bomba kuukuu la maji machafu. Jared akalifuata na kimashine, pii, pii, hadi jikoni kwangu, chini ya mtungi. Lina tundu la kupita ngumi. Wameliziba kwa saruji.

Ijumaa, 14 Juni
Harufu hakuna. Wakwe wamekuja, wamekula, wamekubali. Mwikali mwenyewe alinisaidia kupakua pilau, tena katika sinia lile lile. Mkwe akalisoma jina, akasema nyumba hii vyombo vyake vyajulikana. Mwikali akadakia, hata vikiwa chini ya ardhi. Wote wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumatatu Jared arudi kupima tena. Nimeshafukia sufuria mlangoni kwa Mwikali. Safari hii nimekwangua jina langu, nikaandika lake. Waonaje, daftari? Nijibu upesi, kabla ya Jumatatu.