Ombi la Kompyuta Nzito Yenye Kelele

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa programu, yule wa kiti cha nyuma, karibu na dirisha lisilofunga. Nakuandikia kuhusu kompyuta mlizotugawia, zile nyembamba ambazo kila kitu hufanyika ndani ya kivinjari cha intaneti. Ijumaa natakiwa kuwasilisha programu ya kutunza vipimo vya wateja wa mama yangu, fundi cherehani, ambaye mpaka leo anaviandika ukutani kwa chaki. Nisipowasilisha, narudia mwaka. Nikirudia, mashine yenu ndiyo itakuwa imeniponza, na sababu ni hizi:

1. Haina uzito. Laptopu niliyorithi kwa kaka ilibebwa kwa mikono miwili, na nikipita nayo sebuleni watu walinipisha. Hii, juzi shangazi kaikuta mezani, kapanga vikombe vya chai juu yake, kawapelekea wageni.

2. Haina feni. Ile ya kaka ilinguruma kama mashine ya kusaga, hata nikiwa natazama video za harusi za watu nisiowajua, na nyumba nzima ilinyamaza. Hii iko kimya, baridi. Mama akipita anasema, "Wewe si umekaa tu, njoo unishikie pindo." Wiki hii nimeshika mapindo kumi na manne.

3. Kivinjari kinaniumbua. Nimemweleza mama kwamba programu zinaandikwa humohumo. Akachungulia, akasema, "Mbona hapa ndipo dada yako anapoangalia mitindo ya nywele?"

4. Haitoi udhuru. Ile ya kaka ilizimika ghafla ikameza kazi, na mwalimu akanipa pole. Hii inahifadhi kila herufi bila kuombwa. Kiherehere gani hiki? Mwanafunzi ajitetee kwa lipi?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, mnibadilishie. Ikishindikana, fundi wa kuchomelea wa chuo aibandike chuma cha kilo tatu chini, na ifungwe feni, hata isiyopoza chochote. Hilo nalo likishindikana, njoo wewe mwenyewe na tai yako, usimame nyuma ya kiti changu mpaka Ijumaa, ukiguna mara mojamoja. Mama anawaheshimu sana watu wenye tai.

Nisalimie makamu wako, mlinzi wa geti anayenifungulia nikichelewa, na mwalimu wa programu, ambaye najua ananisubiri.

Wako mtiifu, tena mwenye haraka,
Mwanafunzi wa kiti cha nyuma

Tanbihi: Barua hii nimeiandika kwa mashine hiyohiyo, saa mbili mfululizo, nimekunja ndita, nagonga vitufe kama nina ugomvi navyo. Mama kasimamisha cherehani. Kamwambia shangazi, "Punguza sauti, mtoto yuko kazini." Nimeletewa chai bila kuomba. Kumbe wiki tatu hizi hawakuniona nikifanya kazi kwa sababu sikuwa nikiifanya. Basi mashine ibaki, haina kosa. Ila programu sijaandika hata mstari mmoja, na mama ameshika kitambaa kilicholowa maji, ananiuliza kama aanze kufuta vipimo vya ukutani. Nimemwambia asifute kwanza. Ndugu Mkuu, naomba mpaka Jumatatu.